Andaa bahasha ya vyeti kabla dirisha la mkopo halijafunguliwa

Wiki ya kwanza ya masomo, binti mmoja alifika kwenye dawati la mikopo chuoni kwetu akiwa na bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili. Alitoa cheti chake cha kuzaliwa, akatoa cheti cha kidato cha nne, kisha kwa uangalifu zaidi akatoa karatasi nyembamba iliyoanza kuchanika kwenye mikunjo. Ilikuwa kibali cha mazishi ya baba yake. Jina la binti huyo halikuwemo kwenye orodha ya waliopangiwa mkopo, na alitaka kujua kwa nini. "Shikamoo. Mimi ni yatima, kijiji kizima kinajua," aliniambia.

Nilimwamini papo hapo. Lakini tulipoifungua fomu yake kwenye mfumo, sehemu ya cheti cha kifo ilikuwa tupu, na hali ya wazazi ilisomeka kana kwamba wote wawili wako hai. Hakukusudia kudanganya. Aliyemsaidia kujaza alimwambia kwamba bila cheti cha kifo hapo hapapiti, basi wakaparuka. Kibali cha mazishi kinawaruhusu ndugu kuzika. Mbele ya Bodi ya Mikopo hakihesabiki kama cheti cha kifo.

Nimeanza na binti huyu kwa sababu tatizo lake ndilo ninalokutana nalo mara nyingi kuliko mengine yote: uhitaji upo, ushahidi haupo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Tanzania, HESLB, iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Waombaji ni maelfu kwa maelfu, wala hakuna ofisa atakayefika kijijini kwa kila mmoja wao kuangalia nyumba wanayoishi. Anachokiona ni fomu na viambatisho. Kwa hiyo mwombaji ana kazi ya kuhakikisha kwamba maisha yake halisi yameandikwa kwenye karatasi zinazokubalika kisheria, na kazi hiyo haiishi kwa wiki moja.

Dirisha la maombi hufunguliwa katikati ya mwaka, baada ya kidato cha sita kumaliza mitihani yao mwezi Mei. Huo ndio wakati ambao vijana wengi wako kwenye makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria. Kijana yuko kambini, vyeti viko kabatini kwa bibi, mzazi yuko shambani, na siku zinakwenda. Ndiyo maana nawaomba wazazi na walezi msingoje tangazo. Kijana akiwa bado kidato cha sita, likizo ya Desemba inatosha kabisa kukaa naye na kukagua kilichopo na kisichopo.

Anzeni na vyeti vya kuzaliwa na vya vifo, kwa sababu ndivyo vinavyochukua muda. Bodi haipokei cheti cha kuzaliwa cha mwombaji, wala cheti cha kifo cha mzazi, kabla hakijahakikiwa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Kwa matukio yaliyosajiliwa Zanzibar, uhakiki hufanywa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii wa huko. Maombi ya uhakiki hutumwa kwa njia ya mtandao, unalipia ada, na majibu yakitoka unapata namba ambayo utaiingiza kwenye fomu ya mkopo. Aliyezaliwa nje ya nchi, au ambaye mzazi wake alifia nje, anahitaji barua ya mamlaka hizo hizo. Kama kifo hakikuwahi kusajiliwa, bado kinaweza kusajiliwa hata kama miaka imepita. Pa kuanzia ni ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya, ambaye ndiye msajili wa vizazi na vifo wa wilaya. Nendeni na kibali cha mazishi au karatasi ya hospitali kama ipo, pamoja na barua ya serikali ya kijiji au mtaa. Huenda mkaambiwa mrudi mara ya pili au ya tatu. Hizo safari zikifanyika Januari zinavumilika. Zikifanyika Agosti, huku dirisha likikaribia kufungwa, zinavunja moyo.

Sasa majina. Hapa naomba msomaji avumilie nikae kidogo, kwa sababu nimeona herufi moja ikimtoa mtu jasho kwa mwezi mzima. Chukua vyeti vyote, vitandaze mezani, na usome jina moja baada ya jingine, herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi Salumu, cha kidato cha nne kinasema Mwanahidi Salum. Huyu ni mtu mmoja, nyumbani hakuna anayebisha, lakini mfumo unasoma watu wawili. Pengine cheti cha kuzaliwa kimebeba jina la babu kama jina la mwisho, na shuleni mwalimu aliandikisha jina la ukoo. Pengine baba anaitwa Joseph kwenye kitambulisho cha taifa na Yosefu kwenye cheti cha kifo. Tofauti nyingine huondolewa kwa kiapo mbele ya hakimu au wakili, nyingine zinahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na kosa likiwa kwenye cheti chenyewe linarekebishwa na ofisi iliyokitoa. Muulize mwanasheria au ofisi husika ni njia ipi inakufaa kabla hujatoa fedha yoyote. Jina la kushika ni lile lililo kwenye cheti cha kidato cha nne, maana ndilo linalokufuata hadi kwenye udahili.

Namba ya mtihani wa kidato cha nne nayo ina mtego wake. Tumia namba ile ile uliyoombea chuo. Waliorudia mtihani huwa na namba zaidi ya moja, ile ya shule inayoanza na S na ile ya mtahiniwa wa kujitegemea inayoanza na P. Ukiombea chuo kwa S na mkopo kwa P, orodha ya chuo na orodha ya Bodi hazitakutana, na wewe utakuwa unangoja jibu ambalo halina njia ya kukufikia.

Wakati wa kujaza ukifika, maombi yote hufanyika kwenye mfumo wa mtandao wa Bodi, unaojulikana kama OLAMS. Ada ya maombi ni shilingi 30,000, nayo hairudishwi. Hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wenyewe, ile ambayo wengi tunaiita kontroo namba. Mtu asikuombe umtumie fedha hiyo kwenye simu yake binafsi.

Wengi hujazia steshenari, na sioni ubaya wowote kwa hilo. Wapo vijana wa steshenari waaminifu na wepesi kuliko mimi. Ubaya unakuja pale akaunti inapofunguliwa kwa namba ya simu na barua pepe ya mwenye steshenari, kwa kuwa mwombaji hana barua pepe au ameharakishwa. Miezi miwili baadaye Bodi inatuma ujumbe kwamba kiambatisho fulani hakionekani, na ujumbe unamfikia mtu ambaye hata jina lako amelisahau. Tumia namba yako, au ya mzazi ambaye simu yake haizimwi. Nywila iandike kwenye daftari. Na usiondoke pale kwenye kompyuta kabla hujasoma fomu yote mwenyewe kutoka juu hadi chini, hata kama nyuma yako kuna watu kumi wanaosubiri.

Ukishajaza unachapisha fomu, unasaini, mdhamini wako anasaini na kuambatisha kitambulisho, kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji anathibitisha, na mwisho hakimu au wakili anaigonga kama kamishna wa viapo. Kisha kurasa zilizosainiwa zinaskaniwa na kupandishwa tena kwenye mfumo. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi. Mtu ameshazunguka mtaa mzima kutafuta saini, amechoka, anaona kazi imekwisha, fomu anaitia kwenye begi na kurudi nyumbani. Bodi haijaipata.

Angalia muhuri. Nimewahi kuletewa fomu iliyopigiwa picha kwa simu jioni, juu ya kitanda, kivuli cha mkono kimeangukia pale pale penye muhuri wa mtendaji, na wino wenyewe ulikuwa umefifia. Ukiikuza unaona duara la rangi ya zambarau na hakuna neno linalosomeka. Mwombe kiongozi agonge tena kwa wino mzito, na uiskani kwa mashine. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kinachotafutwa.

Kuna makundi ambayo yana uthibitisho wake maalumu. Mwenye ulemavu, au mwenye mzazi mwenye ulemavu, anahitaji uthibitisho wa mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Anayetoka kaya maskini inayonufaika na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, aweke namba ya kaya hiyo. Aliyesomeshwa sekondari na mfadhili aombe barua kwa mfadhili mapema, kwa sababu taasisi nyingine hufunga ofisi au kubadili wahusika. Mtu aliyesomeshwa shule binafsi ya ada kubwa na mfadhili, bila barua hiyo, ataonekana mtoto wa tajiri.

Lipo jambo moja linaloniuma nikilisema. Wapo wanafunzi ambao baba yuko hai lakini aliondoka siku nyingi, hajulikani alipo, na hajawahi kununua hata kalamu. Mtu wa pembeni humshawishi kijana aandike kwamba baba amefariki. Naomba sana, usifanye hivyo. Taarifa za uongo ni kosa kisheria, na zikibainika unaweza kupoteza mkopo katikati ya masomo, wakati ambao huna pa kushika. Andika hali ilivyo, mzazi anayekulea ajaze kipato chake cha kweli, na barua ya serikali ya mtaa ieleze nani anakutunza. Najua kwamba ukweli wa namna hii hauna cheti chake, na kwamba mtoto wa aina hii mara nyingi amebeba mzigo sawa na wa yatima. Bado ndiyo njia pekee ninayoweza kumshauri mwanangu mwenyewe.

Kuomba mkopo na kuomba chuo ni vitu viwili, na lazima vikutane. Unaweza kutuma maombi ya mkopo kabla hujajua utasoma wapi, ila mkopo hupangiwa mwenye udahili. Ukichaguliwa vyuo viwili au vitatu ukaacha kuthibitisha kimoja kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, Bodi haina mahali pa kupeleka fedha yako.

Majina hutangazwa kwa awamu. Kukosekana awamu ya kwanza si jibu la mwisho. Ingia kwenye akaunti yako uone kama kuna kiambatisho kinachodaiwa, badala ya kusikiliza makundi ya simu. Awamu zikiisha na hujapata, au umepata asilimia ndogo isiyotosha, hufunguliwa dirisha la rufaa. Rufaa ina nguvu ikiwa na karatasi mpya: cheti kilichochelewa, uthibitisho wa ulemavu, kifo kilichotokea baada ya maombi. Kuandika upya kwamba maisha ni magumu hakuongezi kitu. Binti wa bahasha ya kaki hakuwahi rufaa, kwa sababu cheti cha kifo kilitoka dirisha likiwa limeshafungwa. Mwaka ule wa kwanza mama yake aliuza mbuzi, na ndugu wakachangishana. Alipoomba tena kama mwanafunzi anayeendelea, alikuwa na kila kitu, akapata. Hilo linaruhusiwa, na wengi hawalijui.

Kuhusu fedha zenyewe, ada ya mafunzo huenda moja kwa moja chuoni. Ya chakula na malazi, ile wanafunzi wanayoiita bumu, humfikia mwanafunzi kwa mikupuo. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 kiwango chake kwa siku kimekuwa shilingi 10,000, kutoka 8,500. Huu ni mkopo na utarejeshwa. Ukiajiriwa, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi hadi deni liishe. Mwaka 2021 tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo ilifutwa, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa, kwa hiyo deni halivimbi tena kama lilivyovimba kwa kaka na dada zenu. Mzazi aliyesikia habari za kutisha kutoka enzi hizo asimzuie kijana kuomba.

Siku ya kuripoti chuoni, mje na fedha ya kula ya wiki kadhaa hata kama jina limeshatoka. Bumu la kwanza haliingii kabla mwanafunzi hajakamilisha usajili, hajapata namba ya chuo, na hajasaini kuthibitisha kwamba amefika. Akaunti ya benki iwe ya mwanafunzi mwenyewe, kwa majina yale yale ya cheti cha kidato cha nne. Na ile bahasha, pamoja na nakala ya fomu iliyosainiwa, ije naye. Dawatini kwetu tunaanzia hapo.