Kwa nini mchele hauiokoi kompyuta iliyomwagikiwa, hasa Mtwara na Lindi?

Chai imemwagikia kibodi, au wimbi limeruka kwenye kivuko cha Msangamkuu na begi limelowa. Ushauri utakaousikia kwanza, uwe Mtwara mjini au Kilwa Masoko, ni kuifukia kompyuta mpakato kwenye mchele siku tatu. Wengi wanafanya hivyo, wanaiwasha, inawaka, wanamshukuru Mungu. Baada ya wiki mbili inazima na haiwaki tena.

Hapo watu husema mchele haukufyonza vizuri. Ukweli ni kwamba mchele hufyonza unyevu kidogo mno, na yale maji yaliyojibana chini ya chipu haufiki kabisa kuyagusa. Kompyuta iliyofunuliwa mbele ya feni hukauka upesi kuliko iliyofukiwa, kwa kuwa hewa inapita. Mchele nao una vumbi lake la wanga, na punje zake huingia kwenye matundu ya USB. Kampuni ya Apple, katika maelekezo yake kwa wenye iPhone, inakataza kuweka simu kwenye mfuko wa mchele kwa sababu hiyo ya chembechembe. Na hata mchele ungefyonza kila tone, tatizo lingebaki palepale, maana kinachoiua bodi, ule ubao wa ndani unaobeba chipu, ni yale mabaki ambayo maji huyaacha yakishakauka.

Maji safi kabisa hupitisha umeme kwa shida sana. Maji ya bahari, yenye takribani gramu 35 za chumvi kwa lita, huupitisha vizuri. Dafu lina potasiamu nyingi, nalo si la kuliweka jirani na kibodi. Sasa, kompyuta hata ukiizima, betri huendelea kulisha baadhi ya njia za bodi, mara nyingi za volti 3.3 na 5. Mguu mmoja wa chipu na mwenzake mara nyingi huachana kwa chini ya nusu milimita. Majimaji ya chumvi yakikaa hapo katikati, shaba ya upande wa chanya huyeyuka, husafiri hadi upande wa hasi na kuota huko nyuzi nyembamba za chuma. Nyuzi zikiziba nafasi, ni shoti. Mguu ulioliwa nao hukatika. Fundi akiifungua atakuta ukoga wa kijani au mweupe.

Pwani jambo hili huwa baya zaidi. Tazama kopo la chumvi jikoni wakati wa masika: asubuhi unakuta imelowa na hakuna aliyeimwagia maji. Chumvi ya kawaida huvuta mvuke wa hewani hadi ikawa majimaji pale unyevu wa hewa unapopita asilimia 75 hivi. Magnesi kloridi, iliyomo kwenye chumvi ya bahari, huanza mapema zaidi, kwenye asilimia 33 hivi. Ndiyo maana chumvi ghafi ya mashambani Lindi hulowa upesi kuliko ya paketi. Mabaki yaliyokauka chini ya chipu hufanya vivyo hivyo. Mchana yanakauka, usiku yanalowa tena yenyewe, na betri ikiwa imeunganishwa shaba inaendelea kuliwa. Kwa hiyo bodi inatakiwa kuoshwa, kukausha peke yake hakutoshi.

Ikimwagikiwa, zima umeme ukutani kisha chomoa chaja. Bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 10 bila kukiachia hadi izime, hata kama kazi haijahifadhiwa. Ifunue kama hema, kibodi ikitazama chini juu ya taulo, ili majimaji yasishuke kwenye bodi. Betri ya ndani hutolewa kwa kufungua kifuniko cha chini, mara nyingi kwa bisibisi ya nyota ndogo. Plagi yake ndiyo ya kwanza kuchomolewa kabla hujagusa kingine chochote. Toa na betri ya saa, ile ya duara ya volti 3. Usiiwashe kujaribu. Usiianike juani wala usiipulizie hewa ya moto: betri haipendi joto, na kioo cha kompyuta kina tabaka za gundi.

Kama ni maji ya bahari, soda au chai ya sukari, mpelekee fundi siku hiyohiyo. Atatoa diski, feni na kioo, ataisuuza bodi kwa maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kurudishwa maji yakaacha chumvi nyuma, kisha ataisugua kwa mswaki laini na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Ukinunua maji hayo kwa wauza betri za magari, hakikisha si yale ya asidi. Sanitaiza ya mikono haifai, ina glisarini inayobaki. Baada ya hapo bodi ikae kwenye feni saa 24 hadi 48.

Kuchelewa kunaharibu pia madai ya bima. Waranti ya mtengenezaji hugharamia kasoro za kiwandani, kumwagikiwa hakumo, na baadhi ya kompyuta zina kibandiko cha ndani kinachogeuka chekundu kikiguswa na maji. Kinachohitajika ni bima ya mali inayotaja ajali, kutoka kampuni yenye leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania. Mikataba hutofautiana, lakini mingi huondoa kutu na uharibifu wa taratibu. Kompyuta iliyokaa wiki mbili kwenye mchele ikija na ukoga wa kijani, mkaguzi ana sababu ya kuuita kutu. Uliza pia kiasi utakachochangia mwenyewe kwenye kila dai, na usipunguze thamani ili ulipe ada ndogo: kompyuta ya shilingi 1,200,000 ukiikatia bima ya 600,000, mkataba wenye kifungu cha uwiano utalipa nusu tu ya gharama ya matengenezo. Tunza risiti na namba ya mashine mahali tofauti na kompyuta yenyewe. Ikimwagikiwa, izime kwanza, ipige picha ikiwa bado na maji, kisha mpigie bima kabla fundi hajafungua skrubu.