Neno linalodondoka njiani

Kazi yangu ni elimu ya afya kwa jamii, na kwa kuwa najua Kiswahili, mara nyingi napelekwa kwa Wakongo waishio Kampala na wilaya za mpakani. Wauguzi huniuliza: watu wenye akili zao wanaaminije ujumbe wa WhatsApp unaodai kuwa tiba ya ugonjwa fulani imepatikana?

Chukua Covidex. Juni 2021, korona imejaza wodi na oksijeni ni adimu, mamlaka ya dawa ya Uganda (NDA) iliiruhusu dawa hiyo ya mitishamba, iliyobuniwa na Profesa Patrick Ogwang wa Chuo Kikuu cha Mbarara, isaidie matibabu ya magonjwa ya virusi. Isaidie tu, haikuidhinishwa kuwa tiba ya korona. Ujumbe ukipita simu tatu nne, "kusaidia" hudondoka, inabaki "dawa imepatikana". Kufika hapo hakuhitaji mwongo. Kila mmoja hufupisha kidogo na kubakiza kinachompa tumaini, hasa akiwa na mgonjwa ndani na hospitali imejaa. Uvumi wa aina hii ndio mgumu kuliko wote kuung'oa, kwa sababu ndani yake mna ukweli.

Tena haufiki kwa jina la NDA. Unafika kwa sauti ya shangazi, yule aliyekulea, na wewe unampima yeye badala ya habari. Jioni unaukuta tena kwenye kundi la kanisa, kesho kwenye la ukoo. Watafiti wa Marekani walionyesha tangu 1977 kwamba kauli iliyorudiwa huonekana ya kweli zaidi. Mishale miwili ya WhatsApp huonyesha tu kwamba ujumbe umesambazwa mara nyingi, lakini wapo wanaoichukulia kama muhuri wa kuaminika.

Kinachoniumiza zaidi ni ukimya. Kijana muuguzi anajua ujumbe una kasoro, ila kumsahihisha mkubwa mbele ya ukoo mzima ni utovu wa adabu. Ananyamaza, na kundi linahesabu ukimya wake kuwa kibali. Mimi humwambia amwandikie pembeni: "Shangazi, asante kwa kutujali. Aliyekutumia alisema ameipata wapi? Walisema inaponya, au inasaidia?"

Maswali haya hata mtoto anayaweza. Katika jaribio lililochapishwa 2017, lililohusisha shule za msingi 120 hapa Uganda, wanafunzi wa darasa la tano waliofundishwa kuhoji madai ya tiba waliyapima vizuri kuliko wenzao wasiofundishwa. Natamani somo hilo lifike kwenye vikao vya wazazi, na kwa Kiswahili pia.