Barua ya Byron kwa dada yake: dhana potofu kuhusu mizani, vina na takriri

"Epistle to Augusta" ni barua ya kishairi ambayo Lord Byron alimwandikia Augusta Leigh, dada yake kwa baba, mwaka 1816, akiwa kando ya Ziwa Geneva baada ya kuihama Uingereza. Ilichapishwa mwaka 1830, miaka sita baada ya kifo chake. Ina beti 16 za mishororo minane. Aliyezoea tarbia, shairi la Kiswahili la beti za mishororo minne, huichambua kwa vipimo vya tarbia, na hapo ndipo makosa huanza.

"Silabi ni kumi, basi mizani imetimia."
Hiyo ni nusu ya kazi. Kiingereza hupima mkazo: jozi tano, kila moja silabi nyepesi kisha nzito. Katika ubeti wa 1, mshororo wa nne unatii: "No TEARS, but TEN-der-NESS to AN-swer MINE". Wa kwanza hautii: "My sister! my sweet sister! if a name". Silabi ni kumi, lakini mikazo ya kweli ni minne, kwenye silabi ya 2, 5, 6 na 10. "Sweet" imekalia nafasi ya silabi nyepesi, ikabanana na "sis-", na sauti inalemea palepale penye mapenzi. Wengi huharibu hapa kwa kuikaza "if" ili hesabu ifike tano. Soma kwanza kama unavyoongea, kisha weka alama palipokengeuka. Mshororo wa pili, wa tatu na wa tano yote inaanza na silabi nzito.

"Lazima kuwe na ukwapi na utao."
Ukwapi ni nusu ya kwanza ya mshororo, utao ni ya pili. Hapa kina cha kati hakuna, na mahali pa kupumua ndani ya mshororo panahamahama: baada ya silabi ya 7 katika mshororo wa kwanza, ya 6 katika wa pili, ya 2 katika wa nne, ya 4 katika wa tano. Tena kuna mishata, yaani mishororo isiyokamilisha maana mpaka ule unaofuata: "if a name" haina maana mpaka uvuke hadi "Dearer and purer were". Ndiyo maana ubeti unasikika kama mtu anayezungumza, ingawa vina vimefungwa barabara.

"Vina ni herufi."
Kwa macho, "name, claim, same" na "thine, mine, resign" zina walakini. Tamka: hazina. Mpangilio ni abababcc: vina viwili vinapokezana mara tatu, kisha mishororo miwili ya mwisho ina kina chake.

"Umbo hili ni la mzaha."
Hiyo ni sifa ya *Don Juan*, shairi refu la kejeli la Byron aliyoitunga baadaye kwa umbo hilihili. Hapa anaomboleza.

"Takriri ni ya kusisitiza tu."
Takriri ni kurudiarudia neno au sauti, lakini usiishie kwenye "sister" mbili za mwanzo. Chukua ubeti wa 1 na wa 16, uviweke vina vyake sambamba. Sauti ya "mine" na "resign" inarudi, safari hii pamoja na "decline". "Sweet sister" inarudi. "The same" pia. Barua imefungwa kwa sauti ileile iliyoifungua, na atakayetafuta kibwagizo mwishoni mwa kila ubeti hataiona.

Tena neno lililorudi halikurudi lilivyokuwa. Katika ubeti wa 1, "which I would not resign" ni kauli ya mtu mmoja: jambo ambalo yeye hakubali kuliacha. Katika ubeti wa 16 ni "Beings who ne'er each other can resign", viumbe wasioweza kamwe kuachana. Kiingereza kimehitaji maneno mawili, "each other". Kwetu kiambishi -an- kinatosha kuonyesha kwamba sasa wanaokataa ni wawili.