Si kila jengo la Wachina ni zawadi

Ukishuka Jengo la Tatu la Abiria, uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume hapa Zanzibar, hukosi kusikia: "Hili Wachina wametupa." Maneno hayo hayo husemwa Pemba, kuhusu Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani. Kwa hospitali ni kweli: ilijengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa 2016, na madaktari wa jimbo la Jiangsu wanapokezana visiwani tangu 1964.

Uwanja ni habari nyengine. Ule ni mkopo wa Benki ya Exim ya China, nasi ndio tunaoulipa. Kinachowachanganya watu ni bango la ujenzi. Mkopo wa aina hii kwa kawaida huja na mkandarasi wa nchi inayokopesha, basi mtu akiona jina la kampuni ya Beijing hudhani ndiye aliyetoa pesa.

Jambo hili linanigusa, maana korona ilipofunga anga 2020 mahoteli ya Nungwi na Paje yalibaki matupu, lakini deni la dola halingoji watalii. Mwaka huo huo Zambia ilishindwa kulipa hatifungani zake za nje, yaani hati za deni ilizowauzia wawekezaji wa nje.

Na msaada wenyewe una siasa zake. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilisitisha msaada wa kijeshi kwa Tanzania, kisa uwakilishi wa hasimu wake, Ujerumani Mashariki, ulioanzia Zanzibar. Nyerere akaikataa na misaada yao mingine.