Umeshuka Google? Usikimbilie kusema umeadhibiwa

Kila Google inapotangaza mabadiliko makubwa ya namna inavyopanga matokeo, magrupu ya WhatsApp ya wenye tovuti hujaa vilio na ushauri. Sehemu kubwa ya ushauri huo imepitwa na wakati, na mwingine haukuwahi kuwa kweli.

"Nimeshuka, maana yake nimeadhibiwa."
Adhabu ya kupewa na mtu ipo, ila huja na taarifa. Ingia Search Console, zana ya Google ya wenye tovuti, upande wa usalama na hatua za kinidhamu. Kama mkaguzi wa Google ameiwekea tovuti yako adhabu, utaikuta imeandikwa humo pamoja na sababu. Pakiwa patupu, hakuna mkaguzi aliyekugusa: mara nyingi kurasa zimepimwa upya na mitambo, na wenzako wamepanda. Tofauti hii ndiyo inayoamua ufanye nini. Mwenye adhabu anasahihisha kosa, kisha anaomba kukaguliwa tena. Aliyeshushwa na upimaji mpya hana pa kuomba. Anaboresha kurasa na kusubiri, pengine miezi kadhaa.

"Grafu ikianguka, rekebisha siku hiyohiyo."
Hapa ndipo watu wanapojiharibia zaidi. Mabadiliko ya Machi 2024 yalianza tarehe 5 Machi yakakamilika 19 Aprili. Ukifuta kurasa, ukabadilisha vichwa na kuhamisha menyu katikati ya kipindi kama hicho, baadaye hutajua aliyekushusha ni Google au ni wewe mwenyewe. Google wenyewe wanashauri usubiri zoezi liishe, upitishe wiki nzima, ndipo ulinganishe na wiki moja kabla halijaanza.

Tena usitazame jumla ya tovuti nzima peke yake, tazama ukurasa mmoja mmoja. Chukua tovuti ya nyumba ya wageni ya Paje, Zanzibar. Ukurasa uliokuwa nafasi ya 2 ukienda ya 4, huo si msiba, uache. Uliotoka ya 4 hadi ya 29 ndio wa kukaa nao chini na kuusoma kama mgeni: bei bado ni zile? picha ni za vyumba vyenyewe? Na kama mibofyo imepungua Aprili huku nafasi zikiwa palepale, isingizie masika kabla ya kuisingizia Google. Watalii wenyewe huwa wachache miezi hiyo.

"Jaza maneno muhimu kwenye meta."
Meta hiyo ni orodha ya maneno inayofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa, msomaji haioni. Google walisema wazi Septemba 2009 kwamba hawaitumii kupanga matokeo. Anayekutoza hela kwa kazi hiyo leo anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

"Nunua viungo mapema ujikinge."
Viungo hivyo ni linki za tovuti nyingine zinazoelekeza kwako. Mwaka 2012 Google ilitoa Penguin, kichujio cha kupambana na hila hizo, na tangu 2016 imo ndani ya mfumo mkuu, inafanya kazi muda wote. Viungo vya kununua visipokuponza, vitapuuzwa tu na hela yako imekwenda. Kulipia matangazo ya Google nako hakupandishi nafasi yako kwenye matokeo ya kawaida.

"Maandishi ya akili bandia yote yanashushwa."
Kanuni ya Machi 2024 inalenga kurasa zinazofyatuliwa kwa wingi ili kuhadaa mpangilio, ziwe zimeandikwa na mtu au mashine. Vijana watano wanaonakili makala mia kwa wiki wamo humohumo.

"Tengeneza tovuti upya, utakuwa salama."
Kuna ajali moja ya kawaida kwenye WordPress, mfumo wa kujengea tovuti. Fundi anapojenga tovuti mpya huweka tiki kwenye mipangilio ya usomaji ili injini za utafutaji zisiiorodheshe kabla haijakamilika. Siku ya kuizindua tiki inasahaulika, kurasa zinaanza kutoweka moja moja, na lawama zote anatupiwa Google. Tazama tiki hiyo kwanza, halafu ifungue tovuti kwa simu, kwa kuwa Google huipima kwa sura ya simu. Kilichoachwa kwenye toleo la kompyuta tu hakihesabiwi.

"Takwimu zangu Google wanazo, nitazichukua nikizihitaji."
Search Console huhifadhi miezi 16 tu. Anayetaka kulinganisha Aprili hii na Aprili ya miaka miwili nyuma hatazikuta humo, labda awe alizipakua mapema akaziweka kwake.