Nafsi Kuu ya Jung si Atman, Jamani

Nimetumiwa tena ile picha: kushoto Carl Jung, mwanasaikolojia wa Uswisi, kulia yogi amefumba macho, chini pameandikwa "Walisema jambo lile lile." Yaani eti Nafsi Kuu ya Jung, ukamilifu wa nafsi yote ya mtu, ndiyo Atman, nafsi ya ndani kabisa katika falsafa za Kihindu. Hawakusema.

Kwamba Wahindu na wanasaikolojia wa Ulaya walijuana, nani anabisha? Girindrasekhar Bose alianzisha chama cha wachanganuzi nafsi Calcutta mwaka 1922, akawa anaandikiana na Freud, mwanzilishi wa uchanganuzi nafsi. Jung aliendesha semina ya Kundalini, aina ya yoga, huko Zurich mwaka 1932, na mwishoni mwa 1937 akasafiri hadi India. Wale wanaooanisha chakra saba, vituo vya nguvu mwilini katika yoga, na ngazi tano za mahitaji ya binadamu za mwanasaikolojia Maslow siwajibu. Hesabu yenyewe imewakataa.

Kinachonikera ni hiki. Watu hudhani falsafa ya Sankhya, mojawapo ya falsafa za kale za India, inatenga mwili huku, akili na roho kule. Sivyo kabisa. Manas, ahamkara, buddhi, yaani kuwaza, umimi na hata uwezo wa kuamua, vyote vimo ndani ya prakriti, yaani maumbile, pamoja na mawe na matope. Upande wa pili amebaki purusha, yaani ufahamu mtupu, peke yake: hatendi, hawazi, hakumbuki, anashuhudia tu. Sasa huyo purusha akili fiche, ile sehemu ya akili tusiyoitambua, ataiweka wapi? Kinachokaribia akili fiche ni samskara, alama zinazoachwa na matendo na mawazo, nazo ni za prakriti. Tena Yoga ya Patanjali, iliyojengwa juu ya Sankhya, inataka ziunguzwe kama mbegu, zisiote tena. Jung anataka kinyume chake: yaliyofichika yapande juu, yasikilizwe, mtu aishi nayo.

Halafu kuna umimi. Kwa Jung, umimi ukitoweka hakuna aliyebaki wa kujua chochote, kwa hiyo samadhi, kilele cha kutafakari katika yoga, ni kuzama katika akili fiche. Advaita, falsafa ya Kihindu isemayo Atman na uhalisia wote ni kitu kimoja, inasema hapo ndipo ufahamu unapokuwa safi. Hao utawapatanishaje?

Kazini, katika tiba ya nafsi, nafuata Jung. Mteja asiyejua yeye anaishia wapi na mama yake anaanzia wapi, siwezi kumwambia ayeyushe umimi. Lakini hoja ya Jung ina tundu: alijuaje kwamba kule kwenye samadhi hakuna anayejua? Huko India aliwakwepa watakatifu makusudi, hata kwa Ramana Maharshi, mtakatifu mashuhuri wa wakati huo, hakwenda. Na mimi mwenyewe, nikimsikiliza mteja, kuna nyakati naona usikivu upo ila msikilizaji simwoni. Nadharia niliyosomea haina pa kuliweka hilo, na ya Patanjali, nikisema kweli, inalo.