Kibali Kwanza, Mashua Baadaye: Kwa Wageni wa Gereza, Ngome ya Kale ya Kilwa Kisiwani

Kila msimu wa likizo wapo wageni wanaofika Kilwa Masoko, wakapatana na nahodha, kisha wakakasirika wanapozuiwa kuvuka kwenda kwenye magofu ya kisiwa cha Kilwa Kisiwani kwa kukosa kibali. Kibali hutolewa ofisini Kilwa Masoko, si kisiwani. Mgeni huonyesha kitambulisho, hupewa kumbukumbu namba ya malipo, hulipa ada iliyowekwa kwa aina yake ya mgeni, hupokea stakabadhi na kuichukua safarini. Nauli ya mashua ni malipo mengine kabisa, na kumlipa nahodha hakumpi mtu ruhusa ya kuingia katika magofu.

Gereza, ngome inayotazama bahari, lina mabaki ya ngome ya Wareno ya mwaka 1505, ingawa sehemu kubwa inayoonekana leo ilijengwa na Waomani katika karne ya 19. Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati.

Sisi tunaoyatunza magofu haya tunaulizwa mno kwa nini hatukutumia saruji katika ukarabati huo, kana kwamba mafundi wetu hawaijui. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa huruhusu unyevu kutoka. Saruji huufungia ndani, chumvi ya bahari ikajikusanya nyuma yake, hatimaye uso wa jiwe ukamenyuka vipande vipande. Kwa sababu hiyo hiyo tunakataza kupanda juu ya kuta kwa ajili ya picha: chokaa ni laini, na kishindo cha kiatu kimoja hulegeza kiungo ambacho mvua itakimalizia.

Jambo la mwisho ni vigae, yaani vipande vya vyombo vya kale vya udongo. Wako wanaoamini kuwa kigae kilichovunjika ni takataka ya ufukweni. Si kweli. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahesabu kuwa malikale kitu kinachohamishika kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, kiwe kizima au kipande, na kukichimba au kukisafirisha nje ya nchi bila leseni ni kosa linalompeleka mtu mahakamani. Ukikiona, kiache kilipo na umwonyeshe mwongozaji, kwa kuwa mahali kilipolala ndipo mtaalamu anapoanzia kukadiria umri wake.